Nilivyomshtaki Mtani Wangu

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamka saa kumi na moja. Swala, chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha. Saa moja kamili ubao ulikuwa nje ya mlango, kama kila siku tangu nistaafu ualimu. Nilichoandika leo: "Kabla ya bandari ya Mtwara kujengwa, biashara ya pwani hii ilikuwa hapa Mikindani. Mtwara kilikuwa kijiji." Watu wawili walisimama. Mmoja alisoma kwa kufuatisha kidole. Wa pili alipiga picha kwa simu, akaondoka bila kusoma. Siku hizi watu huyapiga picha maandishi ili wapate sababu ya kutoyasoma.

Chaki za dukani ni mbovu. Zinakatika. Zamani chaki ilikuwa chaki.

Saa mbili alipita Issa Chitenje, kuli mstaafu wa bandarini. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakiteremka na misafara kutoka bara. Alisoma ubao mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika sokoni: "Wewe mifupa, ulikuwepo ukiona? Maana umri unakuruhusu!" Akina mama wauza samaki wakacheka, mabeseni yakatikisika vichwani. Yeye na mimi tumepishana miezi minne tu.

Jumatano, 9 Oktoba

Dada Fatuma amerudi kutoka hospitali ya mjini. Moyo umechoka. Daktari alisema hivyo bila kuzunguka, nikamheshimu. Miguu ya dada imevimba, hawezi kulala bila kuegemezwa mito mitatu. Binti yake Somoe amekuja kutoka Mpapura kumuuguza, ameacha korosho zikidondoka bila mwokotaji. Ni mchapakazi. Lakini simu yake haifungi mdomo.

Redioni mtangazaji amesema reli ya kusini iling'olewa na Wajerumani. Ujinga mtupu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka zamani sana. Waingereza ndio walioijenga, kwa ajili ya karanga zao. Karanga zikawakatalia. Reli ikang'olewa baada ya uhuru. Nimeyaandika yote ubaoni, na neno "Waingereza" nimelipigia mistari miwili. Mtangazaji hatauona ubao wangu. Hilo halimwondolei ujinga.

Jioni Chitenje alikuja kumtazama dada. Alimpa pole ya kuzaliwa tumbo moja na mimi. Dada alicheka mpaka akakohoa. Kisha Chitenje akamtangazia kwamba siku ya kumzika dada atalala yeye kwanza kaburini, kama watani wafanyavyo, na hatatoka mpaka apewe kanga nzuri kuliko zote sandukuni. Dada akamjibu, "Utaipata. Ila kaburi litabidi lipanuliwe, kwa tumbo hilo!" Niliwaambia kwamba kumzungumzia mgonjwa habari za kaburi ni utovu wa adabu. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyeingia bila kupiga hodi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku ya fedheha.

Tulimzika jirani yetu, fundi seremala. Nilikuwa nimeombwa kusema maneno machache juu ya maisha ya marehemu. Niliyatayarisha asubuhi nzima: asili ya familia, kazi yake, milango ya nakshi aliyoitengeneza hapa mjini. Afisa mtendaji wa kata alikuwepo, kijana msomi, mgeni wa huku. Nilitaka asikie namna historia inavyosimuliwa.

Nilipofungua karatasi tu, Chitenje akapanda juu ya kinu. Alikuwa amejikunjia waya machoni kama miwani yangu. Akaninyooshea fimbo kama mimi ninyooshavyo. Akapiga ukelele: "Jamani, Mwalimu naye amekufa! Andikeni ubaoni! Lakini andikeni vizuri, asije akafufuka kusahihisha!"

Walicheka wote. Shehe alijificha nyuma ya kitambaa, lakini mabega yalimshtaki. Mjane mwenyewe alicheka, mara ya kwanza tangu alfajiri, wakasema. Mtendaji alicheka kuliko wote. Hotuba yangu haikusikilizwa na mtu. Niliikunja nikairudisha mfukoni.

Ninajua wanavyosema: mtani hakasirikiwi. Ninaijua asili ya jambo hili kuliko wao. Koo zilipigana, kisha zikapatana, na ulimi ukachukua nafasi ya mkuki. Vizuri. Lakini mkuki umekwisha. Kwa nini ulimi ubaki?

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeandika malalamiko. Kurasa tatu, bila kufuta neno.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Ofisi zimefungwa. Hotuba redioni kutwa nzima, na kila mzungumzaji anarudia ya mwenzake kama watoto wanaokariri. Sikuweka ubao. Dada anapumua kwa shida mchana, jioni anapata nafuu. Ameuliza mbona nina karatasi nyingi. Nikamwambia ni mambo ya ofisi.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeyakabidhi. Mtendaji alisoma ukurasa wa kwanza, akakuna shingo. "Mzee wangu, huyu si mtani wako?" Nikamwambia sheria haina utani. Akasema kwao bara pia wanao watani, na hajaona mmoja akishtakiwa. Nikamwuliza kama anakataa kupokea malalamiko ya raia. Akapokea. Alipiga muhuri uliopinda.

Nimerudi kwa miguu. Malori ya korosho yanaelekea bandarini moja baada ya jingine, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Ubaoni: "Mkorosho si mti wa asili ya Afrika. Uliletwa na Wareno." Mwendesha bodaboda akabisha kwamba babu yake aliukuta Kitaya ukijiotea. Watu wanaheshimu babu zao pale tu wanapotaka kubisha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeshinda.

Chitenje alikuja ofisini na kandambili. Nilitegemea kelele. Hakupiga. Alipoulizwa, alisema ni kweli, alisema maneno hayo, na kama Mwalimu ameumia anaomba radhi. Mtendaji alitaka tupeane mikono yaishe. Nikasema hapana, maneno ya mdomo hupeperuka. Nikaomba karatasi nikaandika hati mwenyewe: "Mimi, Issa Chitenje, ninaahidi kutomtania Mwalimu wala mtu yeyote wa nyumba yake, katika furaha wala katika msiba, kuanzia leo." Hayo ya mwisho niliyaongeza ili asipate mwanya. Ninamfahamu. Angetafuta mwanya.

Aliisoma taratibu. Aliniuliza mara moja tu: "Wala mtu wa nyumba yake?" Nikamwambia ndiyo, kama ilivyoandikwa. Akatia sahihi. Herufi zilimpinda, lakini yeye ni mtu wa kubeba magunia, hakuzoea kalamu.

Njiani kurudi nilijisikia mwepesi. Nilinunua ndizi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Habari imemfikia dada. Somoe aliisikia kisimani, akaja kuimwaga yote kitandani. Dada alitaka kuiona hati. Nilimsomea nakala yangu, kwa sauti, vizuri. Nilipofika "katika msiba" aliniambia ninyamaze.

Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi nitazikwa kama mzigo uliookotwa ufukweni. Hakuna mtani wa kunilalia kaburi, hakuna wa kunicheka. Watu watadhani sikuwa na kwetu."

Nilimweleza kwamba maziko ni swala na dua, hayo mengine ni desturi tu. Akageukia ukutani.

Hakula mchana. Hakula usiku. Somoe ameniwekea chakula kikiwa kimepoa.

Jumapili, 20 Oktoba

Dada amezidiwa. Anaongea maneno mawili anapumzika. Katika maneno hayo amenipa agizo. Niende kwa Chitenje kwa miguu yangu, nimebeba kuku. Nisimame mlangoni pake anitukane mpaka achoke. Kuku achinjwe, tule sahani moja, hati ichanwe. Ndivyo wazee walivyofanya mtu akikosea kwa mtani. Ninalijua hilo. Nililifundisha darasani kama historia.

Mimi nisimame na kuku mkononi, mbele ya wake za watu, nitukanwe na mtu aliyeishia darasa la nne!

Nimetafuta njia ya heshima. Nimemwandikia barua: kwa hiari yangu ninaifuta hati ile, na ninamruhusu kuendelea na desturi kama hapo awali. Barua nzuri, fupi, haina kinyongo. Nimempa Somoe aipeleke.

Amerudi nayo. Haijafunguliwa. Chitenje amemwambia, "Mwambie Mwalimu karatasi nimeiheshimu moja, inanitosha. Miguu anayo."

Somoe alisimama mbele yangu ameshika kiuno. "Mjomba, nenda. Kuku ninaye, yule tetea mweusi. Mimi nitakubebea mpaka pembeni ya nyumba, wewe umshike pale mwisho tu." Nikamwambia asinifundishe kazi. Akasema hakuna anayeweza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Joto kali. Magoti yananiuma, na huo si uongo. Ubaoni nimeandika juu ya boma la Wajerumani, jambo ambalo nimekwisha kuliandika mara nyingi. Hakuna aliyesimama. Chitenje anapita njia ya chini siku hizi, ile ya ufukweni.

Mchana nilivaa viatu. Nilifika hadi kwenye duka la Mhindi, nikanunua chaki ambazo sikuzihitaji, nikarudi. Mwenye duka aliuliza hali ya dada. Nilimwambia anaendelea.

Nitakwenda kesho, jua likipungua. Jambo la aibu ni bora lifanywe jioni. Nimemwambia dada. Sijui kama alisikia. Alinishika kidole, kimoja tu.

Jumanne, 22 Oktoba

Dada Fatuma amefariki alfajiri, kabla ya adhana.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nayaandika kwa mpangilio, kwa sababu mambo yakiandikwa ovyo husahaulika ovyo.

Tulimzika juzi baada ya alasiri. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Kutoka Mpapura lilikuja lori zima.

Chitenje alikuwa wa kwanza kufika, kabla hata ya ndugu. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Alinipa mkono kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa. "Pole sana, Mwalimu. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu dada yetu." Ni sentensi isiyo na dosari. Nimewafundisha wanafunzi wangapi sentensi kama hiyo, na lini ilinichoma hivi?

Alikwenda kuchimba kaburi pamoja na vijana. Kwa umri ule. Walimnyang'anya jembe mara mbili, mara mbili akalirudisha.

Watu walikuwa wakimtazama. Jeneza lilipotoka mlangoni wabebaji walipunguza mwendo, kwa sababu hapo ndipo watani huziba njia wapewe chochote. Chitenje alisogea pembeni, akaliachia njia. Walipofika kaburini walisimama tena. Wote wakitazama lile shimo, kisha yeye, kisha shimo. Mtoto mmoja wa kike aliuliza kwa sauti, "Babu Issa hashuki?" Mama yake alimziba mdomo.

Alikuwa amefunga mikono mbele, macho chini. Midomo ilimchezacheza, niliiona. Alikuwa na maneno. Mtu yule hakuwahi kukosa maneno maisha yake yote. Aliyameza moja baada ya jingine mbele yangu, kwa sababu aliahidi, na mimi ndiye niliyeandika ahadi yenyewe, nikaziba kila mwanya.

Ningeweza kumwambia wakati ule. Neno moja. "Issa, shuka." Watu mia walikuwa wakingoja mtu aseme. Nilisimama nimeshika fimbo, nikafikiri ni kwa namna gani jambo hilo linaweza kusemwa kwa heshima, na wakati nikifikiri udongo ukaanza kuingia.

Miaka yote hii nimemdharau kwa kukosa nidhamu. Siku ile sikuona mwenye nidhamu kumzidi. Dharau niliyokuwa nayo sikuipoteza. Imehama tu.

Usiku akina mama walilia bila kupumzika. Kwa kawaida mtani huwakatiza kwa upuuzi wake, wakapata kunywa uji. Hakuna aliyewakatiza. Uji ulilala.

Jumamosi, 26 Oktoba

Matanga yameanuliwa. Mikeka imerudishwa, sufuria zimehesabiwa, moja haina mfuniko. Nimekataa redio.

Saa mbili Chitenje alipita njia ya juu, akielekea sokoni. "Habari za asubuhi, Mwalimu." Nikamjibu nzuri. Hakupunguza mwendo. Nilimtazama mpaka alipokata kona.

Somoe ameondoka kwa gari la adhuhuri, korosho hazingoji. Amechukua sanduku la mama yake. Alikuwa amelifungua kwanza, akatoa kanga moja, ya pindo nyekundu, haijawahi kuvaliwa. Aliiweka juu ya kitanda kitupu. Hakusema ni ya nani. Sikuuliza.

Mlangoni aliniaga kwa adabu. "Mjomba, msiba umekwenda kwa utaratibu. Hakuna aliyecheka."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kilichoandikwa.

Nimefagia ua mwenyewe. Nimekula wali wa jana. Chumba cha dada nimeacha dirisha wazi, upepo unaingia kutoka baharini na kuinua upindo wa ile kanga, kisha unaushusha.