Mume Aliyenuka Petroli

Karatu

Dada Rehema,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaniuma masikio. Tumeletwa kupima maji ya visima, maana tangi la petroli lililofukiwa kwenye kituo kimoja cha mafuta hapa mjini linavuja chini kwa chini.

Jana tulifika kwa Mama Paskali, nyuma ya kituo hicho. Mumewe ni fundi wa malori. Tulimkuta uani akioga, anatetemeka, mapovu kichwani.

"Kila akioga ananuka petroli zaidi," mama akatulalamikia. "Nimemhamishia kwa mbuzi, na mbuzi nao wameanza kumkimbia."

Nikavuta ndoo kisimani, nikanusa, machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Mama, petroli imo kwenye maji. Msiyanywe, msiyaogee, wala msisogeze moto hapa."

Akainusa ndoo. Akamnusa mumewe. Akakaa chini taratibu.

"Kumbe," akasema. "Siku zote hizi nashangaa kwa nini chai inanuka mume wangu."

Tumekifunga kisima, na kituo kimeanza kutoa mafuta yote kwenye lile tangi. Kwa sasa watachota maji chemchemini, mbali kidogo. Tulipokuwa tunaondoka, Baba Paskali alinifuata hadi kwenye Land Rover, taulo kiunoni. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua.

"Dada wa maji," akaniomba kwa upole, "hebu sema tena, kwa sauti. Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena.

Nawakumbuka mno. Nibusie watoto, na ufaidi joto la Morogoro kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Zaina