Finjani ya Wakala Aliyemtaka Nasser

Khalfani mdogo wangu,

Ungekuwepo Alhamisi ungenicheka kwanza, kisha ungenishukuru. Ulizoea kuniambia, "Dada, wewe ungekuwa polisi," kwa kuwa sikumwamini fundi wa kiyoyozi wala muuza samaki. Sasa umenitangulia, umeniachia mwanao, na walimwengu wanamtaka. Nitaachaje kushuku?

Nasser amekua, siku hizi anainama kuingia jikoni. Ile ringi ya kikapu uliyoipigilia ukutani hapa Bawshar bado ipo, wavu umebaki nyuzi mbili. Kila Alasiri nasikia mpira ukidunda pale ulipokuwa ukisimama na filimbi yako, nami nachungulia dirishani kama mjinga. Nakukosa, Khalfani. Nakukosa sana.

Habari yenyewe ni hii. Chuo kimoja cha Marekani kimempa Nasser nafasi asome bure, achezee timu yao ya kikapu. Nililia, kwa sababu ulitwambia mpaka tukachoka: "Mpira una goti. Elimu haina goti." Nilipokwisha kulia nikamuuliza kocha wao kwenye simu, kwani kwao vijana wamekwisha hata waje kumtafuta mtoto Maskati? Nasser aliona haya kunitafsiria, lakini akatafsiri.

Kocha hakuficha. Nafasi ile alimwekea kijana mwingine, naye akachukuliwa na ligi inayowalipa vijana mishahara bila kupita chuoni. Wenye vipaji wakubwa wanakwenda huko, alisema, na vyuo navyo vimeanza kulipa ili wachezaji wasikimbie. Siku hizi anaanza msimu hajui nani atabaki. Kwa hiyo anatafuta mbali, watoto watulivu wanaotaka kusoma. Basi mwanao anavalishwa kiatu alichokivua mwenzake. Sikuridhika.

Wiki haijapita, akaja wakala. Wa ligi ileile! Alikuja na kanzu yetu, mpya, mikunjo ya dukani haijatoka, na Kiarabu cha mbali. Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu nilihisi amekuja tuugue. Akaahidi mshahara, nyumba, na masomo "baadaye". Nikamuuliza baadaye lini, akacheka. Nikamuuliza akishacheza kwa mshahara, chuo kitampokea tena? Akasema huenda. Na akivunjika goti? Akasema vijana wao wote wazima, wote wanacheza.

Nasser akamimina kahawa, maana ndiye mdogo. Wakala akaipokea finjani, akaiweka chini, akakunja mikono.

Unaijua desturi. Mgeni mwenye haja nzito hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie "kunywa", na akishaambiwa hivyo, haja yake imekubaliwa. Asipoambiwa akaondoka, kahawa ikalala, ni aibu ya nyumba. Wazee wetu waliiweka finjani chini walipokuja kuposa au kuomba suluhu. Huyu aliiweka chini kutuchukulia mtoto. Nani kamfundisha? Mpaka leo najiuliza, na nina jirani ninayemtazama kwa jicho la pembeni.

Mwenye kusema neno lile ni mdogo wetu Said, kwa kuwa sasa ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba. Na unamjua, aibu itamuua kabla ya maradhi. Jasho lilimtoka na kiyoyozi kinavuma. Nami siwezi kumkata kauli mbele ya mgeni. Nikaona midomo yake inafunguka, nikasema moyoni, basi, goti limeuzwa.

Nasser alikuwa bado amesimama na dele la kahawa mkononi. Akamuuliza wakala kwa adabu, "Ami, samahani. Yule ambaye mimi nimepewa nafasi yake chuoni, anachezea timu gani sasa?"

Bwana yule akatazama zulia. Akatazama dari. Kisha mkono ukaenda wenyewe, akaiinua finjani, akanywa yote.

Hakuna aliyemwambia kunywa.

Alipokwisha kumeza ndipo akasema timu ya yule kijana imevunjwa, bado wanamtafutia nyingine. Said akaegemea mto, akavuta pumzi, akamkaribisha halwa kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa kamba. Mgeni akinywa bila kuambiwa, haja yake ameifuta mwenyewe; ilikwisha pale. Nasser akamimina tena, wakala akanywa, akaitikisa finjani kuonyesha imetosha, akaaga.

Nilitaka kupiga kigelegele. Lakini mwanao amerithi ubongo wako na shaka zangu, masikini. Jana aliacha mpira ukabingirika hadi getini, akaniuliza, "Shangazi, na yule akirudi chuoni kuitaka nafasi yake, mimi ntakwenda wapi?"

Yule kijana anayo haki ya kurudi, naye ni mtoto wa watu, huenda na yeye ana shangazi. Lakini kocha lazima anijibu. Nitampigia kabla Nasser hajafunga sanduku, na Nasser atatafsiri, apende asipende. Nikimsikia tu simuni anatazama dari, mtoto haondoki.

Lala, mdogo wangu. Zamu ya kukesha ni yangu. Nakuahidi hakuna mtu, awe na kanzu au na suti, atakayeambiwa "kunywa" kwa ajili ya mwanao kabla hajanijibu.

Dada yako,
polisi wako.