Nyota ya Maji ya Mwalimu wa Mkange

Maskati, Ijumaa baada ya swala

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Marahaba. Najua shikamoo hukuitamka, maana simu ulinikatia, lakini nimeipokea hivyo hivyo. Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika kuliko wewe. Kifua chako je? Na shemeji yangu Abdala, bado anakoroma barazani hapo Dunda mpaka wapita njia wanadhani anawasalimu?

Nimesikia wiki ijayo wazee wa Vigwaza wanakuja kuchukua jibu, nawe umeazimia kuwarudishia barua yao ya posa. Binti yako Zuhura analia, hali chakula. Ndiyo maana naandika, na barua hii nimempa msafiri wa kesho.

Huku kwa mwanangu nilichoka kukaa kama mgeni, nikatafutiwa kibarua cha kufagia jumba la kuonyeshea nyota. Usicheke. Ni ukumbi wenye dari kama bakuli lililopinduliwa. Watu wanaketi, taa zinazimwa, na nyota zinawaka juu mchana kweupe. Wakitoka, nazoa bisi. Maelezo yote Kiarabu. Ananifasiria mkata tiketi, Seifu, ambaye mama yake alizaliwa Unguja. Basi mimi niliyeishia darasa la nne najua nyota inavyozaliwa.

Kwanza kuna wingu. Si la mvua. La hewa na vumbi, la baridi na giza, kubwa kupita akili. Linajivuta lenyewe kwa uzito wake, linasongamana, na katikati panapata joto kwa kubanwa hadi panawaka. Hiyo ndiyo nyota. Vumbi linalobaki linazunguka pembeni, bapa kama sinia, chembe zinagandana, zinakuwa mawe, na mawe yanakuwa dunia kama hii yetu. Hilo niliamini upesi. Chini ya viti vyangu, vumbi nikiliacha siku mbili, nakuta vidonge ambavyo hakuna aliyevifinyanga. Nyota nazo hukaa kwa makundi, na makundi yenyewe hayana hesabu.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wako wa Mkange, aliyepiga falaki kwa majina akasema Zuhura ana nyota ya moto na yule fundi pikipiki wa Vigwaza ana nyota ya maji, kwa hiyo wakioana mmoja atamzima mwenzake. Nikamwuliza Seifu:

"Nyota ya maji iko upande gani wa dari?"

"Haipo, mzee. Nyota zote zinawaka."

"Hata moja?"

"Ya maji ingewakaje?"

"Basi yule mwalimu kaiona wapi?"

"Labda alikuwa na kiu."

Akaniambia pia kwamba chuma chote kilipikwa ndani ya nyota zilizokwisha kufa: cha spana za yule kijana, na hicho kilichomo katika damu ya Zuhura. Hao wawili wametoka jiko moja, nawe unawatenganisha mlangoni.

Bado hujaridhika, nakujua. Basi kuna jambo jingine, na hili sikulisoma darini. Unakumbuka marehemu baba aliponituma Mkange nikapigishe nyota yako na ya Abdala? Alinipa karatasi yenye majina, na jogoo mwekundu wa kumpelekea mwalimu. Sikufika. Mto ulikuwa umejaa, pantoni imesimama, nikalala Makurunge kwa rafiki zangu siku mbili. Karatasi ililowa. Jogoo tulimla. Nikarudi nikamwambia baba, "Zote za udongo, zinapatana kama chungu na kifuniko chake." Baba akafurahi, nawe ukapakwa hina.

Watoto sita sasa, na wajukuu ndio hao wanaokuvunjia vikombe.

Kwa hiyo chagua. Ama uipokee barua ya Vigwaza, ama umwamshe huyo mzee hapo barazani umwambie afungashe, kwa kuwa nyota yake haijapigwa hata leo.

Msalimie mumeo, kama bado yupo. Msalimie shangazi yetu, umsomee kwa sauti, masikio yake yamechoka. Jirani muuza vitumbua mwambie majirani wa huku hawana chumvi. Zuhura mwambie aanze kula, nguo ya harusi isije ikampwaya.

Mimi kaka yako,
Kibwana, mla jogoo