Mikono ya Darasa la Nne

Jumatatu, 14 Julai

Sekela anafundisha kabati. Tangu alasiri yuko chumbani kwake anaiuliza milango ya kabati robo mbili ni sawa na nini. Kabati halijibu. Anajijibu mwenyewe na kujipongeza: vizuri sana! Nimecheka mpaka nikasahau maharage jikoni. Yameungua kidogo, tumekula hivyohivyo.

Keshokutwa msimamizi wa chuo anakuja kumwona darasani. Mara moja tu! Wiki chache za mazoezi ya kufundisha, mgeni mmoja kutoka chuoni, nusu saa nyuma ya darasa, kisha alama — na mtu ameshakuwa mwalimu. Hilo ndilo ninalolipigia kelele tangu niache ukufunzi nikahamia kwenye asasi yetu ya pale Sinza. Tunaomba muhula mzima. Muhula mzima shuleni, chini ya mwalimu mlezi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Tumeomba, tumeandika, tumekunywa chai za wadau mpaka tumechoka.

Leo Fredrick, mratibu wetu, amepiga simu anahema. Tumepewa nafasi! Kikao cha wadau, hoteli moja Mbezi Beach, Jumanne ijayo. Kamati ya mafunzo ya ualimu itakuwepo yote. Niongee mimi.

Dada Tupokigwe angekuwepo ningempigia sasa hivi. Alipofariki Novemba tulikuta vipande vya chaki kwenye mkoba wake. Mwalimu mpaka mwisho. Sekela ndiye aliyeniachia, na pale kitandani alisema anachotaka ni kumwona mtoto wake akifundisha. Hakuwahi. Basi nitamwona mimi kwa niaba yake.

Jumatano, 16 Julai

Nimelia darasani. Mtu mzima!

Mwalimu Mwajabu, jirani yangu hapa Kipawa, ndiye mwalimu mlezi wa Sekela. Aliniruhusu nikae nyuma. Akaingia msimamizi — kumbe Audax! Tulifundisha chuo kimoja miaka ile. Sikumwambia kuwa Sekela ni mwanangu, asije akadhani namwombea alama.

Sekela alikuja na chapati. Akaikata mbele yao: nusu, robo, nusu ya robo. Kila swali, mikono juu, darasa zima! Hakuna aliyebaki ameinama. Na kila aliyechaguliwa alijibu sawasawa. Katikati ya somo ndege ikapita. Huku kwetu, jirani na uwanja wa ndege, zinapita chini kama zinataka kuondoka na bati. Watoto wakanyamaza, mikono bado hewani, wakasubiri mlio uishe. Sekela naye akasubiri, mkono kiunoni, shingo imeinama kidogo. Mama yake kabisa huyo! Hapo ndipo machozi yalipotoka.

Audax aliniinamia akaninong'oneza kwamba mwaka huu hajaona somo kama hilo. Amempa A.

Alhamisi, 17 Julai

Jioni gengeni nimemkuta Raudha, mmoja wa wale watoto, ametumwa nyanya. Nikamsifu: jana ulinyoosha mkono kila swali! Akanishangaa.

"Mie nilinyoosha wa kushoto."

Kwani wa kushoto una nini? Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mtoto. Madam Sekela kasema anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. "Sie wa kushoto hatuchaguliwi." Akachukua nyanya zake akaenda.

Huo ujanja wa kumfanya mgeni aone darasa zima linajua, naujua! Ni wa zamani kuliko chuo chenyewe. Nimewaonya wanachuo wangapi kuhusu huo huo? Halafu nakaa nyuma ya darasa nalia, naangalia shingo ya Sekela badala ya mikono ya watoto.

Nimerudi nyumbani na hasira zangu. Nikamkuta anaosha vyombo, anaimba. Tangu msiba alikuwa hajaimba. "Shikamoo mama mdogo." Marahaba. Maneno yakaishia hapo.

Nitamuuliza baada ya kikao.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Baada ya ibada nimempigia Fredrick, nikamweleza yote. Nilidhani atasikitika. Amefurahi! Ananiambia dada Demetria, hiyo ndiyo ya kusema pale. Takwimu watazisahau wakifika maegesho, mikono hawataisahau. Usitaje jina la mtu wala shule.

Kweli, sitataja jina. Atadhurika nani?

Bado sijamuuliza Sekela. Alikuwa anapiga pasi gauni langu la kikaoni.

Jumanne, 22 Julai

Niliongea vizuri. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba niliongea vizuri.

Mwanzoni wengine walikuwa kwenye simu zao. Nikafika kwenye mikono. Nikawaeleza chapati. Nikawaeleza ndege inavyopita na watoto wanavyoisubiri mikono ikiwa juu — nani alinituma kuweka ndege? Nilipenda tu jinsi inavyosikika! Ukumbi ukatulia. Nikasema: nusu ya mikono ile ilikuwa ya kushoto, na msimamizi aliyekaa pale akatoa A. Wakaguna. Mwenyekiti wa kamati akavua miwani. Nikasema mwalimu yule si mwongo, tumempa wiki chache na mgeni mmoja, angefanya nini? Wakapiga makofi.

Ndipo nikamwona Audax. Meza ya vyuo, karibu na mlango. Hakupiga makofi. Ananitazama tu.

Sambusa zilikuwa nzuri, wanasema. Mimi sikula.

Jumatano, 23 Julai

Sekela amerudi saa sita mchana. Mazoezi yamesimamishwa, matokeo yamezuiwa. Udanganyifu, chuo kimesema. Amejifungia chumbani. Chakula hataki.

Alhamisi, 24 Julai

Ametoka asubuhi, macho yamevimba. Hakunisalimia, na sikumdai salamu.

"Mama mdogo, ungeniuliza."

Akakaa kwenye kigoda akanieleza akiangalia sakafu. Alipofika darasani mwezi uliopita, kila swali mikono ilikuwa ya walewale. Wengine vichwa chini. Mwaka jana asiyejua alichapwa, kwa hiyo wamejifunza kujificha. "Ndo nikawaambia, usiyejua nyoosha wa kushoto, hakuna kuchapwa, hakuna kuchekwa. Nitakuona tu. Mchana nikawa nabaki na wale wa kushoto. Raudha alikuwaga hanyooshi kabisa, mama mdogo. Kabisa! Wiki ya tatu akaanza kunyoosha wa kulia, kwenye nusu tu."

Na siku ya msimamizi?

"Siku ile sikuwaambia kitu. Walinyoosha kama kila siku. Ulitaka nimchague asiyejua mbele ya mgeni, nimwaibishe?"

Miaka yangu yote chuoni nimesema mwalimu mzuri ni yule ambaye mtoto haogopi kumwambia sijui. Nimelisema mpaka wanachuo wakaanza kuniigiza. Akaja mmoja akalifanya, ndani ya nyumba yangu, nami nikampeleka Mbezi Beach nikamwanika kwenye kipaza sauti. Naumwa moyo. Sijui niandike nini kingine.

Jumatatu, 28 Julai

Chuoni. Audax hakunikaribisha kiti.

Anasema nilimvua nguo mbele ya kamati. Alipoisikia ile ndege tu akajua ni yeye, na waliokaa meza yake walijua alikokuwa siku ile. Nikamwambia Sekela ni mtoto wa marehemu dada yangu. Akasema, bila hasira — afadhali angekuwa na hasira: "Basi umemchoma mwanao mwenyewe, dada."

Nikamweleza maana ya mkono wa kushoto. Alisikiliza. Nadhani hata alielewa. Aliwahi kuwa mwalimu mzuri. Lakini anasema haiwezekani kwenda kwa mkuu wa chuo na hadithi ndefu. Mkuu anataka neno moja: palikuwa na udanganyifu au hapakuwa. Njia iko moja. Niiandikie kamati kwamba mfano ule niliutunga, hakuna darasa la namna hiyo. Akipata nakala kabla ya Jumatatu ijayo, matokeo ya Sekela yatatoka. La sivyo, arudie mwaka. Kama watamrudisha.

Nimempigia Fredrick nikiwa bado getini. Akaanza yeye: kamati imekubali! Mwezi wa tisa wanajadili muhula mzima! Mwenyekiti kaitaja mikono kwa mdomo wake. Nikamwambia la Audax. Akasema ukishaandika kwamba ulitunga, dada, nani atatuita tena? Na wale watakaofuata baada ya Sekela?

Yeye pia anasema kweli. Hilo ndilo linaloniua.

Ijumaa, 1 Agosti

Mwajabu amepita na ndoo ya mbaazi. Amemsalimia Sekela kwa upole mno, kama mfiwa. Kisha akanivuta pembeni. Darasa amelirudisha mikononi mwake. Jana aliuliza robo tatu na robo moja ni ngapi, mikono ikatoka ya walewale. Akawaambia hata wa kushoto ruhusa. Wapi! Wamesikia madam wao ameondolewa kwa ajili ya kushoto. Raudha ameikalia mikono yote miwili.

Baada ya Mwajabu kuondoka nimetoka uani. Sekela alikuwa anapepeta mchele. Amekonda. Nikachuchumaa mbele yake, magoti yananiuma, nikamwambia safari hii nauliza kwanza. Nikamweleza yote — barua, Jumatatu, kamati, mwezi wa tisa. Nikamwambia wewe ndiye mwalimu hapa. Niandike au nisiandike?

Aliendelea kupepeta. Ndege ikapita, tukaisubiri wote wawili. Mlio ulipoisha nikarudia swali. Niandike, mwanangu?

Akaweka ungo chini. Hakuniangalia. Akanyoosha mkono.

Wa kushoto.