Gundi ya Kope

Eldoret,
Alhamisi, saa ya chakula cha mchana.

Kwa dada yangu mpendwa Nekoye,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Murunga na watoto wawili walio nyumbani. Mgongo wa Mama unaendeleaje na baridi hii? Nimesikia mvua ya huko kijijini Ziwa imezidi, na kwamba mahindi yameanza kuoza kabla ya kuvunwa. Poleni sana. Sisi huku tungali hai, ingawa siwezi kuandika kwamba tu wazima.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami nikikatizwa hukubali lolote ninaloambiwa. Unanijua tangu utoto.

Ulisema Jumamosi unakuja kumtoa Cynthia chuoni, arudi Ziwa akamue ng'ombe kwa jicho lililobaki. Hayo ni maneno yako, na mwanao aliyasikia, kwa sababu nilikuwa nimeweka simu kwenye spika ili nioshe vyombo huku tukiongea. Ukaongeza kwamba Mchungaji Lusweti amekuambia Mungu hachezewi, na kwamba jicho lililotamani kufanana na la pepo limelipwa. Cynthia alinyoosha mkono akapapasa kikombe chake mezani, akakikosa, akakiangusha. Wewe ukauliza ni nini hicho kimevunjika, nami nikasema ni mimi.

Dada, mtoto wako anahukumiwa kwa kosa ambalo si lake. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikueleze yale macho, maana nyumbani mnayazungumzia kama uchawi. Hawa vijana wanapenda katuni za Kijapani zinazoitwa anime, ambamo watu wana macho makubwa kama ya ndama. Chuoni kwao waliandaa shindano la kujipamba kwa mtindo huo, na Cynthia aliingia. Hakuna pepo. Kuna penseli nyeupe, wanja, na kope za bandia. Unachora mstari wa pili chini kidogo ya ukingo wa jicho lako, unapaka nyeupe katikati, halafu unabandika kope za chini penye ule mstari wa uongo. Mtu akikuangalia kwa mbali anaona jicho limeshuka na kupanuka. Ni kama fundi anayepaka rangi ukuta mfupi ili uonekane mrefu.

Na alikuwa mwangalifu, dada, kuliko mtu yeyote ninayemjua. Penseli yake hakumwazima mtu, na hakuipitisha ndani kwenye nyama ya jicho, nje tu. Alinawa mikono kwa sabuni hadi nikamwambia atamaliza maji ya wapangaji wa plot nzima. Wenzake walitaka avae zile lenzi za rangi, akakataa, wakamcheka, wakasema anaogopa kioo kidogo na bado anataka kuwa Mjapani. Aliwajibu kwamba kuvaa lenzi ambayo daktari hajakupima ni kama kuvaa meno ya marehemu. Na gundi ya kope aliijaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko, akangoja siku nzima kuona kama ngozi itawasha. Alikuwa na sheria yake: kila chupa mpya, jaribio jipya, hata kama jina ni lile lile.

Asubuhi ya shindano aliikuta chupa yake imekauka. Kuna aliyeiacha wazi. Nilitoka kazini mbio nikamletea nyingine kutoka dukani kwetu kwa vipodozi. Akanishukuru, kisha akasema hakuna muda wa kuijaribu, kwa hiyo afadhali apande jukwaani bila kope, atachora tu. Nami nikamcheka. Nilimuuliza tangu lini amekuwa daktari. Nikamwambia ni ile ile, tena lebo nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, au ananiona mimi ni mwongo? Akaniomba radhi, akabandika kope. Ulimlea vizuri, hajibizani na anayemlisha.

Alipanda jukwaani wa tano. Dakika chache tu na macho yakaanza kumtoka machozi, na ile rangi nyeupe ikashuka mashavuni. Ukumbi ukadhani anaigiza. Wakapiga makofi. Msichana mmoja akapiga kelele, "Lia zaidi, mrembo, wewe ndiye mshindi!" Cynthia alipopiga magoti akijikuna uso, walisimama wakashangilia, simu zote juu. Mimi pia nilipiga makofi, dada. Nilipiga hadi nilipomsikia akiita, "Anti!"

Jicho la kulia lilikuwa limeshikana kabisa. Ile video ilizunguka mji mzima. Jumatatu ilifika hata dukani, na bosi wangu, Madam Esther, aliwaonyesha wateja akisema huyu amejifunga kama bahasha. Wateja wakacheka. Alikuwa akiniangalia mimi, kwa hiyo nami nikacheka.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nikipakwepa.

Unajua mimi ni karani wa stoo. Dukani kwetu hatuuzi chupa nzima tu. Wanafunzi na akina mama wengi wanataka vya kupima, kwa hiyo tunafungua chupa kubwa, tunagawa kwenye vichupa vidogo, nami naandika lebo kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Mwezi uliopita gundi ya kope ilichelewa kufika. Madam Esther akaniletea mkebe wa gundi ya wigi, ile kali ya kubandikia nywele kichwani, akaniambia nigawe hiyo. Zote ni nyeupe. Alisema gundi ni gundi, haijui kama imeshika kope au wigi. Nilisoma mkebe. Umeandikwa wazi kwamba isikaribie macho. Nikaandika lebo arobaini: Gundi ya Kope, Gundi ya Kope, Gundi ya Kope.

Kichupa nilichompelekea Cynthia kilikuwa kimojawapo, na nilijua. Gundi halisi ilibaki kidogo, ndani ya droo ya Madam. Kuiomba kungekuwa kumwambia usoni kwamba hii nyingine naiona mbaya, nami sikuthubutu. Amewafukuza wawili mwaka huu kwa kununa tu. Nikajiambia wiki mbili zimepita na hakuna mteja aliyerudi kulalamika. Nikajiambia ni saa moja tu jukwaani. Kisha nikamcheka mtoto aliyetaka kungoja.

Hata hapo, dada, jicho lilikuwa bado lina nafasi. Tulipokuwa kwenye benchi la hospitali tukingoja daktari, Madam alinipigia. Alikuwa amekwisha kuiona ile video. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Namaemba, ule mwandiko ni wako. Mimi sijaandika chochote." Akakata. Daktari alipouliza msichana ametumia gundi gani, nilisema ya kope, ya kawaida. Akauliza tena, akaniambia nifikiri vizuri kwa sababu matibabu ni tofauti. Cynthia alikuwa amenishika mkono. Nikasema ya kawaida. Akaandika ni mzio, akatupa matone, akasema turudi siku ya tatu. Siku ya tatu kioo cha jicho kilikuwa kimegeuka cheupe kama ukoko wa uji.

Jana nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwambia ukweli. Alisema angejua siku ile, angeliosha jicho papo hapo kwa muda mrefu na kumlaza hospitalini, na pengine leo Cynthia angekuwa anasoma nalo. Kisha aliweka kalamu chini akaniuliza nimesoma hadi wapi. Nikasema nina diploma. Akasema, "Basi ulijua kusoma." Akamwita mgonjwa aliyefuata.

Leo asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nimemwaga vichupa vyote vilivyobaki kwenye choo cha nyuma. Vilikuwa kumi na tisa. Ishirini vimeuzwa na sijui vimekwenda kwa nani. Madam ataingia stoo saa nane, na kufikia jioni sitakuwa na kazi, pengine nitakuwa kituo cha polisi. Naandika mbio, utaniwia radhi kwa haya madoa ya wino.

Usimtoe chuoni. Mwalimu wake amesema anaweza kuendelea, jicho la kushoto ni zima. Ukitaka wa kumchapa kwa maneno mbele ya kanisa, nitaje mimi, jina langu lote. Mwambie na Mchungaji Lusweti kwamba Mungu hakuhusika.

Kuna jambo moja zaidi, na sijui nikuandikieje. Cynthia bado hajui. Nimejaribu mara tatu kumwambia na mara tatu nimemuuliza kama atakunywa chai. Jana jioni, nikimtia dawa, alisema kuna kitu kinamlemea. Akasema anajua watu wa dukani wameniona naye kwenye ile video, na kwamba ameniaibisha mbele ya bosi wangu baada ya mimi kutoka kazini na kukimbia kumsaidia. Akalia kwa jicho moja, maana lile jingine daktari amekataza. Akaniomba nimsamehe.

Nikamwambia nimemsamehe.

Nisalimie shemeji na watoto. Nisalimie Mama, ila barua hii usimsomee. Jumamosi mkija mtanikuta chumbani. Kama hamtanikuta, ufunguo uko kwa jirani Mideva, na dawa ya Cynthia ni tone moja kila baada ya saa nne.

Ni mimi mdogo wako,
Namaemba Wabuge.