Paja la Kondoo

Dada mpenzi,

Sisi hatujambo, na mtoto ameota meno mawili. Ushauri wako niliufuata. Nilinunua paja zima la kondoo, nikalioka kwa moto mdogo mpaka likalainika. Ulisema paja moja likipangwa vizuri hulisha nyumba siku tatu: leo nyama, kesho wali wa nyama, keshokutwa supu ya mfupa. Ni kweli kabisa. Ila siku hiyohiyo Mama alitufikia bila taarifa.

Nilimkatia vipande viwili vyembamba, nyama iliyobaki nikaificha kwenye friji. Alikula, akajilamba vidole. "Mwanangu, unajua kupika! Hakijabaki kipande kingine?"

Nikamjibu, "Imekwisha, Mama."

Asubuhi nilimkuta jikoni akitafuta maziwa ya chai. Friji ilikuwa wazi, nyama iko mbele ya macho yake. Akaifunga taratibu, akaniuliza kama mtoto amelala vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchana jirani alipita kumsalimu. "Wanakutunza, mama?"

"Huyu?" Mama akacheka. "Jana kanilisha nyama mpaka nikasema basi!"

Dada, bora angenigombeza. Jioni nilimtengea nyama yote. Akasema nyama ameshiba, akala wali mtupu.

Kesho anakuja kwako. Radhi nimeshindwa kumwomba, ulimi umekuwa mzito. Tafadhali mpakulie yeye kwanza, na usimpimie.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona haya hata kukuandikia.