Mstari wa Nyuma ya Dévote

Guildford, Sydney
8 Juni 2025

Kaka Bertrand,

Kifua kimekuachia? Wifi na watoto wanaendeleaje? Huku baridi imetuingia mifupani, ila tunapumua.

Daktari amesema jicho la kushoto la Arnaud halitaona tena. Polisi wawili walimlaza mwanangu kwenye lami kwa sababu begi lake lilifanana na la mwizi. Lalamiko letu wamelifunga kwa barua ya mistari minne. Imebaki njia moja: chama chetu cha Warundi kina mjumbe anayekutana na wakuu wa kituo kila mwezi, naye anaweza kudai faili lifunguliwe. Adrien, aliyekishika kiti hicho, amejiuzulu. Eti amechoka. Amechoka na nini? Miaka miwili alikunywa chai yao na kupiga nao picha!

Uchaguzi mdogo ni tarehe 28. Nagombea. Mpinzani wangu ni Patient, fundi wa kutabasamu.

Vijana walitaka kura za karatasi. Nikasimama nikasema tupange mstari kama kambini, kila mtu nyuma ya mtu wake. Anayeogopa kuonekana nyuma yangu, kura yake ya nini? Ukumbi ulipiga makofi.

Mdogo wako,
Dévote

Kambi ya Nyarugusu
15 Juni 2025

Mdogo wangu Dévote,

Kifua bado kinakoroma, lakini nakula. Nimemlilia Arnaud.

Wewe na mdomo wako! Makofi yamekulevya. Umesahau mstari wa hapa? Tulisimama kumi na wawili nyuma ya mwalimu, mkuu wa ulinzi akitutazama mmoja mmoja. Wiki ile sote kumi na wawili tulinyimwa kibali cha kutoka kutafuta kuni. Watu hawakumkataa mwalimu. Walitazama nani anatazama.

Rudi ukaombe karatasi, hata wakikucheka. Na Arnaud ameshapata uraia? Kama bado, asikanyage huko.

Kaka yako,
Bertrand

Guildford
6 Julai 2025

Kaka,

Nakuombea nafuu. Barua yako ilifika mapema. Aibu ndiyo iliyonichelewesha kujibu. Sikuomba karatasi. Mimi niliyewaita wenzangu waoga, ningerudi vipi?

Patient alimwalika sajini wa kituo kuwa mgeni rasmi. Sajini huyo akasimama mbele na simu yake, anapiga picha, anacheka na watoto. Mstari wa Patient ulifika mlangoni ukapinda. Nyuma yangu walikuwa jirani yangu Darlène na bibi mmoja wa kiti cha magurudumu. Mwenzangu wa kazini, ninayetunza naye wazee, alininong'oneza: "Dada, nyumbani kwangu kuna watatu wasio na uraia."

"Basi nenda kule!" nilimjibu kwa ukali, Mungu anisamehe.

Arnaud naye hana uraia. Nilimbembeleza abaki nyumbani, akakataa. Alisema kesi ni yake. Alikuwa katikati ya ukumbi, bandeji jichoni. Sajini akainua simu. Mwanangu akanitazama, kisha akaenda mstari wa Patient.

Baada ya kuhesabu, Patient aliuliza kama kuna mwenye lalamiko la kupelekwa kituoni. Ukumbi mzima ulimgeukia Arnaud. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hana.

Katibu akaliandika hilo kwenye muhtasari wa kikao, na sajini akatia sahihi.

Mdogo wako,
Dévote